Mihina ya Ayeyo

Asubuhi hiyo ya Julai, mwaka wa 1996, Kitengela iliamka imevaa sanda. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka upande wa Ngong ukazimeza nyumba za mabati, nguzo za stima na seng'enge za mashamba, hata mtu akinyoosha mkono mbele yake alihisi ameuazima kwa mtu mwingine. Chini ya ukungu huo nyasi zilimeremeta kama chumvi iliyomwagwa na mkono mkarimu. Kundi la nyumbu waliotoka mbugani kutafuta malisho lilisimama karibu na barabara, likitoa mvuke puani, kimya, kama wanyama walioingia katika ndoto ya mtu na wasijue watokeje.

Kafiya alifungua mlango wa jikoni akakuta mama wa maziwa, mwanamke wa Kimaasai aliyemletea maziwa kila siku, ameinama akigusa majani kwa ncha ya kidole.

"Takwenya!" Kafiya alimwamkia, maana salamu hiyo alikuwa ameshaizoea.

"Iko!" mama wa maziwa aliitikia, kisha akacheka. "Mama, leo si mimi ninakuletea maziwa. Mungu amemwaga yake yote huku nje."

Ilikuwa sakitu, umande ulioganda. Kafiya, mzaliwa wa Garissa, ambako jua humkaanga mtu kabla halijamsalimu, hakuwa ameiona maishani mwake. Aliistaajabia kidogo, akatabasamu, kisha tabasamu likamfia mdomoni. Alikuwa amekumbuka mihina.

Alikimbia pekupeku hadi nyuma ya jiko. Safu ya mihina iliyopandwa kandokando ya ukuta, ambayo jana ilikuwa ya kijani na yenye vishada vya maua vyenye harufu tamu, ilikuwa imesawijika. Majani yalining'inia meusi, mateketeke, kama majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa. Kafiya alishika tawi moja, jani likamgandia kidoleni. Hakulia. Alikifuta tu kidole, akashika tawi la pili.

Mihina hiyo haikuwa mapambo. Ilipandwa na Ayeyo, mama mzazi wa Burale mumewe Kafiya, nyanya yake Sirad, binti yao. Familia ilipohamia Kitengela kwa ajili ya biashara ya mifugo, wengine walibeba masanduku na vitanda. Bibi kizee huyo alibeba vipandikizi vya mhina alivyovifunga kwa kitambaa kibichi, akavipakata njia nzima kama mtoto mwenye homa. Alisema nyumba isiyo na mhina wake haina haki ya kuoza binti.

Tena kulikuwa na desturi. Katika nyumba hiyo bakuli la hina ya harusi halikuoshwa likiwa na kitu. Bi harusi alipakwa kwanza, mikono na miguu. Kisha mama yake alikomba kilichosalia akajipaka viganjani, na hapo ndipo watu walipojua kuwa mama ameridhia kumtoa mwanawe. Kafiya mwenyewe aliolewa mwaka wa ukame mkuu, ng'ombe wakifa malishoni na mihina ya Garissa ikiwa vijiti. Aliingia nyumba ya mume mikono mitupu, mikavu kama ya mjane. Ayeyo, mama mkwe wake, alivishika viganja hivyo akamwambia, "Usilie, binti yangu. Hina yako haikupotea, imetangulia kwa mwanao. Siku ya mwanao utakomba bakuli."

Tangu hapo Kafiya aliishi na bakuli hilo moyoni. Ayeyo alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu, na Sirad alikuwa ameshachumbiwa na kijana aitwaye Keynan. Harusi ilikuwa mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo. Na sasa mihina ilikuwa imeungua kwa baridi!

Mtu aliyeng'atwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini aliyelelewa na jua hudhani kila kidonda ni cha jua. Kule kwao Garissa, mhina ukikaushwa na ukame dawa yake ilijulikana hata na watoto: unaukata, unaumwagia maji mengi, nao unachipuka. Kafiya hakuuliza mtu. Alichukua panga akaanza na mhina wa kwanza.

"Mama Sirad! Wewe! Hiyo miti imekukosea nini?"

Aliyeita alikuwa Munyiva, jirani yake, mwanamke wa Kikamba ambaye ua wake wa mabogenvilia ulipakana na nyumba ya Kafiya. Yeye pia alikuwa ameamka akakuta maua yake yamekuwa kahawia, lakini alisimama tu mbele ya maua hayo na kikombe cha chai, shuka la kitanda mabegani.

"Ninaivua nguo zilizoungua, Mama Munguti," Kafiya alimjibu bila kugeuka. "Mtu akiungua, utamwacha na shati mwilini?"

"Hiyo haijaunguzwa na jua, imeunguzwa na baridi. Na baridi haijaenda. Imetoka tu kunywa chai, itarudi."

"Imekuambia?"

"Mimi niliolewa Kona Baridi, mama. Unafikiri hilo jina waliliweka kwa urembo? Mwaka wangu wa kwanza niliamka nikapata maua yangu yote yamekuwa mboga. Nikakata, nikamwagilia, yakachipuka, nikaimba. Baridi ikarudi, ikakula machipukizi, ikakula na shina. Wacha hayo majani mabaya yakae. Hiyo ndiyo blanketi ya mti."

"Na mtoto wangu aolewe na blanketi?"

"Kwani harusi ni lini?"

"Shaabani."

"Ngai! Mbuzi akishika mimba leo atakuwa amezaa na hamjapika hata pilau! Unakimbizwa na nani?"

Kafiya alicheka, maana Munyiva alijua kumchekesha hata siku ya msiba. Lakini mkono wake haukucheka. Panga lilipanda na kushuka, na mihina ikawa inabaki visiki vifupi, mmoja baada ya mwingine, hadi akafika mwisho wa safu, karibu na ukuta wa bafu. Hapo alimkuta Sirad amesimama, leso imemfunika hadi masikioni.

"Hoyo, huu niachie," Sirad alimwambia mama yake.

"Nikuachie wa nini, mama yangu? Umekufa."

"Ayeyo alikuwa anaushika huu akitawadha. Niachie tu."

Kafiya alimtazama binti yake, akaona macho yale yale ya bibi kizee, macho yasiyobishana wala kuondoka. Akashusha panga. "Haya. Baki na mzoga wako. Mimi nitabaki na mihina."

Basi ikaanza kazi ya maji. Kila mkokoteni wa punda uliopita na mitungi uliitwa. Kafiya alimimina karai baada ya karai, hata ule udongo mweusi wa Kitengela ukawa kama ugali uliokosa unga, ukinata kwenye viatu na kukataa kuachilia. Haukupita muda mrefu, mbingu nazo zikamfanyia hisani. Ukungu uliinuka, jua likatoka, siku zikawa na joto la kuazima. Na tazama, kwenye vile visiki vikatokea vijicho vyekundu, vikafumbuka, vikawa majani madogo laini kama masikio ya mwanambuzi.

"Mama Munguti!" Kafiya aliita kwa sauti iliyofika barabarani. "Njoo uone maiti wakifufuka!"

Munyiva alikuja, akaangalia, akatikisa kichwa taratibu. "Nimeona. Ni mazuri. Basi jioni uyafunike na gunia."

"Niyafunike yakiwa yanaomba jua? Wewe una wivu wa maua yako!"

"Niko na wivu kabisa," Munyiva alisema, "lakini pia niko na gunia. Nikuletee?"

Kafiya hakulitaka gunia. Sirad ndiye aliyelichukua. Mhina wake wa mwisho ulikuwa umesimama pale kama kichaa aliyekosa ndugu, majani makavu yakichakarika kila upepo ulipopita. Aliurundikia nyasi kavu miguuni, akaufunika gunia kila jua lilipotua na kulifunua kila lilipochomoza. Maji aliupa kidogo, tena pale tu udongo ulipoanza kupasuka. Wageni waliofika walimwuliza Kafiya kwa nini asikitoe kile kichaka kibaya kabla ya harusi. Naye alijibu kwa kebehi, "Hicho ni cha bi harusi. Anakipeleka kwa mumewe kikawe kuni."

Mchana mmoja, baada ya sala ya adhuhuri, Kafiya alijinyoosha mkekani karibu na dirisha, usingizi ukamchukua. Aliota ukungu. Ndani ya ukungu Ayeyo alikuwa akipita kati ya nyumbu, nao wakimpisha. Miguu yake haikukanyaga nyasi. Mikononi alikuwa na bakuli, na ndani ya bakuli kulikuwa na weupe mtupu uliotulia kama maziwa.

"Ayeyo," Kafiya aliuliza, "hina iko wapi?"

"Imelala," bibi kizee alimjibu. "Mbona unapiga kelele?"

Aliamka, akatoka nje akatazama machipukizi yake, yakawa yanameremeta juani. Akaitukana ndoto, akaenda kuteka maji.

Agosti ilipokuwa inaelekea ukingoni, baridi ilimaliza chai yake ikarudi. Haikubisha hodi. Kulipokucha tambarare ilikuwa nyeupe tena, na safari hii hata maji ya punda yalikuwa na utando wa barafu. Kafiya alifika nyuma ya jiko akiwa tayari anajua. Yale majani kama masikio ya mwanambuzi yalikuwa yamelala juu ya visiki, meusi. Gome lilikuwa limepasuka, limebanduka kama midomo ya mgonjwa. Alishika kisiki kimoja akakivuta kidogo tu, nacho kikamfuata bila ubishi, kama jino bovu. Mizizi ilitoa harufu ya matope yaliyooza. Akavuta cha pili. Akavuta cha tatu. Vyote vilimfuata.

Burale aliporudi kutoka mnadani alimkuta mkewe ameketi juu ya karai lililopinduliwa, visiki vimelazwa mbele yake kama watoto wa kuzikwa.

"Sasa unalilia hina?" Burale aliuliza kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. "Eastleigh hina iko magunia kwa magunia. Nitakununulia mpaka useme basi."

"Na ya mama yako iko magunia mangapi huko?"

Burale alivua kofia yake, akaigeuzageuza mikononi. Akaingia ndani.

Hapo macho ya Kafiya yakapanda, yakatua kwenye ule mhina wa mwisho. Gunia lilikuwa bado juu yake, limekakamaa kwa sakitu. Tumaini la mtu aliyekata tamaa ni kali kuliko njaa. Aliliondoa gunia, akaona majani yale yale ya kahawia, makavu, mabaya. Akasema peke yake kwamba labda huu ulihitaji kukatwa kweli, labda kosa lake lilikuwa kuuacha. Akaenda kutafuta panga.

Aliporudi Sirad alikuwa ameuegemea mti.

"Ondoka, Sirad."

"Siondoki, Hoyo."

"Umekufa huu! Umekufa tangu siku ile, sisi tunaulinda kama wajinga! Sina pengine pa kutoa hina. Unaelewa? Mimi sijapakwa hata siku moja katika maisha yangu!"

Munyiva, aliyekuwa upande wake wa ua akisikia yote, alisogea hadi mpakani. Alishika tu seng'enge kwa mikono miwili.

Sirad aliuchukua mkono wa mama yake usio na panga, akaukunjua, akaushika ukucha wa kidole cha shahada na kuukwaruza kwenye shina, chini, karibu na nyasi kavu. Gome jembamba likabanduka. Chini yake palikuwa na kijani, kibichi, chenye unyevu, kijani cha aibu kama cha mtu aliyekutwa akivaa.

Kafiya alitazama kidole chake. Kilikuwa kimelowa.

"Sasa tufanye nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tusifanye kitu."

"Tusifanye kitu?"

"Hiyo ndiyo kazi, Mama Sirad," Munyiva alisema kutoka ng'ambo. "Na ni ngumu kuliko kuchota maji, usidanganywe."

Ilikuwa ngumu kweli. Septemba nzima Kafiya alikuja asubuhi na kikombe chake, akaketi mbele ya mti uliolala, mikono ameikalia kama mtoto aliyekatazwa sukari. Siku zilipita juu yake kama mawingu yasiyo na haja na mtu. Wakati mwingine alihisi kwamba yeye ndiye aliyelala na mti ndio uliokuwa ukimtazama, ukimsubiri aamke. Munyiva alimpigia kelele, "Mama Sirad, hiyo mikono umeifunga ama imefungwa?" naye akamjibu, "Nimeitia jela!" Wakacheka. Upepo ukageuka, ukaja na vumbi la joto kutoka upande wa Namanga. Sakitu haikuonekana tena. Nyumbu nao walikuwa wameondoka, pasiwe na mtu aliyewaona wakienda.

Mvua za vuli zilinyesha kwa adabu. Asubuhi moja, chini kabisa ya shina, chini hata ya ule mkwaruzo wa ukucha, paliota kijicho chekundu. Kafiya hakupiga kelele. Aliinuka, akatembea kwa ncha za vidole hadi chumbani, akamgusa Sirad begani na kumnong'oneza kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Njoo. Mti umeamka."

Walingoja vichipuke vingi, vipate nguvu. Ndipo Sirad akampa mama yake kisu, naye Kafiya akakata matawi makavu, taratibu, akikwaruza kila mahali kabla ya kukata, hadi alipofikia kijani, hapo akasimama. Akatia samadi ya zamani iliyopoa. Ng'ambo ya seng'enge mabogenvilia ya Munyiva yakalipuka kwa rangi, kama mtu aliyeuchoka unyamavu wake.

Lakini mti mmoja ni mti mmoja. Shaabani ilipoingia walichuma kila jani ambalo mhina ule ungeweza kulitoa bila kudhurika, wakayaanika kivulini, wakayatwanga, wakayachekecha kwa kitambaa chepesi. Unga wake haukujaza hata kikombe cha chai.

Siku ya kupaka hina nyumba ilijaa wanawake, uvumba na vicheko. Mpakaji, shangazi ya Sirad mwenye ulimi mwepesi kuliko mkono wake, aliutazama unga ndani ya bakuli akapiga makofi.

"Hii ni ya bi harusi au ya mwanasesere? Leteni ya dukani nichanganye, na mama apate yake!"

Vicheko vilikoma. Sirad alimtazama mama yake, na Munyiva, aliyekuwa amekaa karibu na mlango na mtandio wa kuazima kichwani, akainamisha uso. Ilikuwa rahisi mno kukubali. Hakuna ambaye angemlaumu. Kafiya aliitazama paketi ya dukani ambayo mtu alikuwa ameshamtia shangazi mkononi, akaitazama muda mrefu.

"Usichanganye," alisema. "Mpake yeye. Mpake vizuri, mpaka iishe."

Hina ikapakwa. Maua yakapanda kutoka viganjani mwa Sirad hadi kwenye vifundo vya mikono, yakatambaa juu ya nyayo zake. Chumba kilinukia majani na mvua. Shangazi alikomba bakuli kwa kijiti akamalizia ukucha wa kidole kidogo cha mguu, kisha, kama ilivyokuwa desturi, akamkabidhi Kafiya bakuli. Kafiya alipitisha kidole ndani, pande zote, taratibu. Kidole kilitoka safi.

"Hoyo," Sirad alinong'ona, akimnyooshea kiganja kilicholowa, "chukua kwangu. Bandika tu mkono."

Kwa kitambo kidogo mkono wa Kafiya ulijongea wenyewe. Kisha akaurudisha pajani.

"Usiguse, utaiharibu. Iache ikauke, mama. Iache mpaka iwe tayari."

Bi harusi aliyepakwa hina hawezi kujilisha. Shangazi akaleta sahani ya halwa, na Kafiya akaketi mbele ya mwanawe, akimega kidogo kidogo na kumtia mdomoni, huku wanawake wakipiga vigelegele na Munyiva akivipiga kwa mtindo wa Kikamba uliowachekesha wote. Vidole vya Kafiya vilikwenda na kurudi, vyeupe kama siku aliyoolewa. Sirad alikula akilia na kutabasamu. Kafiya naye alitabasamu, maana furaha ilikuwa ya kweli. Lakini kila alipoteremsha mkono kwenye sahani aliviona viganja vyake vitupu, akajua kwamba safu nzima ya mihina ingetosha viganja hivyo na vingine vingi, kama angeiacha ilale. Hakuna aliyemhukumu chumbani humo. Hapakuwa na haja, kwani hukumu ilikuwa imeandikwa mikononi mwake: mwenye pupa hadiriki kula tamu.